Kimeo Hakina Kosa

Simu isiyokaa chaji ni kimeo. Gari la kusukumwa kila asubuhi ni kimeo. Aliyekopa akahama mtaa, huyo naye kimeo. Lugha ya mtaani imekwisha kukihukumu kile kipande cha nyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na hukumu yenyewe husomwa kila siku vibarazani mwetu: mtoto akikohoa wiki ya pili mfululizo, mtu mzima mmoja humtazama akasema, huyu ana kimeo, mtafutieni fundi. Ana kimeo! Kana kwamba yuko asiye nacho. Kila mwana wa Adamu kazaliwa na kimeo kama alivyozaliwa na pua, na sijasikia mtoto akitafutiwa fundi kwa kuwa ana pua.

Naandika kupinga ukataji wa vimeo, na naandika nikiwa mtu wa Ngamiani, Tanga, mahali ambapo wanaouamini si wajinga wala si wakatili. Ni bibi zetu na shangazi zetu, ni mama aliyekesha usiku wa nne na mtoto begani. Nimechoka kuwasikia wasomi wakilimaliza jambo hili kwa neno moja, ushamba, kisha wakarudi kwenye chai yao. Imani ya kimeo ina hoja zake na ina mashahidi wake, ndiyo maana haijafa. Inastahili kujibiwa hoja kwa hoja.

Anayezijua nyumba zetu katika barabara hizi zenye namba anajua jinsi ugonjwa wa mtoto unavyokuwa wa watu wote. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko na kisima cha maneno. Kikohozi cha chumba cha mwisho husikika chumba cha kwanza. Asubuhi hawezi kukosekana mpangaji mwenza wa kusema mleteni tumtazame, akaubonyeza ulimi kwa mpini wa kijiko, akamulika kwa tochi ya simu, akashtuka: hee, kirefu hiki! Tangu hapo hakuna anayeuliza tena mtoto anaumwa nini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wa dada yangu, akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nilikuwepo. Bibi yake alimpakata, mgongo wa mtoto kifuani pake, mikono imefungwa kwa kanga. Fundi alikaa kwenye kigoda mbele yao. Kifaa chake kilikuwa chuma chembamba kilichopindwa ncha mfano wa mundu mdogo, na alikifuta kwa kitambaa kilekile alichofutia jasho. Kazi haikufika hesabu ya kumi. Kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko punje ya hindi. Akakiweka juu ya kipande cha gazeti, akakizungusha kila mtu akione, na nakumbuka sauti ya kuridhika iliyopita ukumbini: aa, kumbe ndicho. Mtoto alikuwa akitema povu la damu kwenye beseni. Akapakwa unga wa dawa kooni, fundi akalipwa, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Usiku wa tatu mtoto bado anakohoa. Usiku wa nne anapumua mbavu zikibonyea ndani, viganja vimempauka. Hospitalini walikuta nimonia, na damu imepungua. Akaongezwa damu, akachomwa sindano siku saba, akapona. Tuliporudi naye nyumbani, jirani aliyekuja kutupa pole alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba bila shaka fundi alibakisha.

Neno hilo ndilo lililonionyesha ninachopambana nacho. Mtoto akipona, ni kwa sababu kimeo kimekatwa. Asipopona, ni kwa sababu hakikukatwa vizuri. Tiba ya namna hiyo haina siku ya kushindwa, hata mtoto akifa.

Na wanakufa. Madaktari wa idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili walipitia kumbukumbu za watoto waliofikishwa hapo mwaka 2012. Waliokuwa wametoka kukatwa kimeo walikuwa 56, na nusu yao hawajatimiza hata mwaka mmoja na nusu. Wote walilazwa. 11 waliongezwa damu. 12 walikufa, yaani mmoja katika kila watano, ilhali kwa watoto wengine waliofika idara hiyohiyo alikufa mmoja katika kila 11. Lakini kilichonikaa moyoni zaidi katika hesabu hiyo ni jambo jingine: zaidi ya wanane katika kila kumi walifika wakikohoa. Tuliambiwa chanzo cha kikohozi ni kimeo. Kimeo kimeondoka, kikohozi kimebaki.

Atatokea wa kuniambia kwamba hao ndio waliozidiwa, na wengi waliokatwa wakapona hawakuwahi kuiona Muhimbili. Kweli. Tena nitaongeza mwenyewe: huwezi kudai kwamba chuma cha fundi peke yake ndicho kilichowaua wale 12, maana wako waliokuwa na maradhi mazito tangu mwanzo. Hapo hasa ndipo penye ubaya. Mtoto ana nimonia, na siku ambazo dawa ingemwahi zimekwenda katika kumtafuta fundi na kungoja kidonda kikauke. Kidonda chenyewe, ndani ya kinywa cha mtoto, kimefanywa kwa chuma kilichotoka kwenye kinywa cha mtoto mwingine. Hapo ndipo pa kuingilia pepopunda, na ndipo virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vinapoweza kuhama kutoka nyumba hadi nyumba.

Wanaoshikilia kwamba hii ni tiba ya wahenga wajue wahenga wenyewe waliihofu. Hippocrates, tabibu wa Kiyunani wa miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, alionya kwamba kukikata kimeo kilicho chekundu na kilichovimba ni hatari, kwa kuwa uvimbe na damu hufuata. Al-Zahrawi, mpasuaji mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza namna ya kukikata, na papo hapo akaonya kwamba kilichovimba mviringo na kuiva damu kisiguswe. Je, kinachokatwa mitaani kwetu ni kipi? Ni hichohicho, chekundu, kimevimba, cha mtoto mwenye homa.

Kimeo kina kazi. Ni msuli mdogo uliovikwa utando laini wenye vitezi vya kutoa mate mepesi ya kulainisha koo. Tunapomeza, huinuka pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya pua, uji usipandie puani. Walimu wetu wa madrasa wanalifahamu eneo hilo kuliko wengi. Katika elimu ya tajwidi, qaf na kaf huitwa herufi za lahawiya, kwa nasaba ya lahati, na lahati ni kimeo kwa Kiarabu, kwa sababu hutamkiwa huko nyuma jirani yake. Mtoto hurudishwa aya mara ishirini mpaka qaf yake ikae mahali pake, halafu akirudi nyumbani akikohoa tunajadiliana kukikata kiungo kilichoipa herufi hiyo jina.

Sasa niijibu hoja iliyo na nguvu kuliko zote, ile ya kwamba mwanangu alikatwa na kikohozi kikakoma. Simwiti anayeisema mwongo. Aliona alichokiona. Lakini na ahesabu siku. Mafua ya kawaida ya mtoto huleta kikohozi kinachoweza kukaa wiki mbili, mara nyingine tatu, kisha kikaondoka chenyewe hata asipopewa kitu. Fundi haitwi siku ya kwanza. Kwanza hutumika asali na tangawizi, baadaye siripu ya dukani, na wiki ya pili ikipita ndipo anapotumiwa mtu, wakati kikohozi chenyewe kimeshika njia ya kuondoka. Anafika kwenye embe lililokwisha kuiva, analitikisa, linaanguka, analipwa ujira wa kupanda mti.

Na urefu? Ndiyo, kirefu. Bibi aliyemulika hakukosea macho. Koo likishambuliwa kila kilichomo huvimba, na kimeo kikivimba hushuka, kikagusa shina la ulimi, mtoto akahisi kichefuchefu. Lakini hicho ni kivuli cha ugonjwa. Watu wa mkoa huu wa malaria tumewaona watoto wengi wenye bandama iliyovimba hadi kitovuni, na hakuna aliyeleta kisu kuikata. Tulijua ni homa iliyoivimbisha, tukaitibu homa. Mbona kimeo hatukipi haki hiyohiyo? Na yule mtoto anayekohoa mpaka anatapika, uso ukiwiva, akivuta pumzi kwa mlio, huenda ana kifaduro, na kinga ya kifaduro imo ndani ya chanjo anazopewa kliniki tangu akiwa na wiki sita. Chanjo ya kukinga aina kadhaa za nimonia nayo ilianza kutolewa nchini mwanzoni mwa 2013. Mama anayeikosa kliniki kwa kuamini kimeo ndicho adui amefunga mlango wa mbele akauacha wa uani wazi.

Husemwa pia kwamba hospitali nao hukata. Hapana. Wanachokata hospitalini, tena kwa nadra, ni findofindo, zile nyama mbili za pembeni ya koo, kwa mtoto anayeugua koo mara saba kwa mwaka au anayekosa hewa usingizini. Hufanywa kwa nusukaputi, kwa vifaa vilivyochemshwa, na damu ikiwa tayari. Kuutumia upasuaji huo kuwa kinga ya chuma cha kwenye kigoda si haki.

Kuna lawama moja ambayo siwezi kuijibu bila kukubali nusu yake. Mama wengi huniambia: nilikwenda huko unakotutuma, nikakaa foleni tangu alfajiri, nikaingia, hakuna aliyemfungua mtoto kinywa, nikapewa karatasi ya amoksilini nikanunue. Fundi angalau alimtazama. Hilo ni kweli, na linauma. Anayetazama huaminiwa. Utafiti mmoja wa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, na ukakuta wenye maradhi ya virusi ni kama saba katika kila kumi, wakati wenye ya bakteria walikuwa zaidi kidogo ya wawili katika kumi. Antibayotiki haiui kirusi. Kwa hiyo amoksilini inayotolewa bila kutazama, na vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa dukani kwa kuhesabiwa vinne vinne, ni ndugu wa chuma cha fundi: vyote ni jibu lililotolewa kabla ya swali. Wauguzi na madaktari wanaokasirikia vimeo waanze kwa kufungua vinywa vya watoto. Lakini kosa la mwenye kalamu halimpi ruhusa mwenye chuma.

Nimeacha mwisho jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Neno kimeo limemeza maradhi yote ya koo na kifua yakawa moja, na kwa hivyo limetuzuia kulitambua lile koo ambalo kweli linataka dawa haraka. Liko. Huletwa na bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A, na kwa kawaida huja bila kikohozi. Narudia kwa sababu ndipo tunapopotea: koo la kuogopwa halikohoi. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huamka ghafla koo linamuuma kama amemeza mwiba, ana homa, pengine kichwa na tumbo vinauma. Ukimulika, findofindo ni nyekundu, zimevimba, mara nyingi zina mabaka meupe ya usaha. Ukipapasa chini ya taya, tezi zimevimba na akiguswa analia. Hana mafua, macho hayatoki machozi, sauti haijakauka. Watoto walio chini ya miaka 3 ni nadra kuupata. Wale wachanga wanaokatwa vimeo, basi, hata koo hilo si la umri wao, na wakubwa wanaougua koo hilo hawapelekwi popote, kwa sababu hawakohoi, na asiyekohoa kwetu haumwi.

Si kila koo linalouma ni hili. Kwa watoto, ni kama mawili au matatu katika kila kumi. Kiko kipimo cha kupangusa koo kwa pamba na kupata jibu dakika chache baadaye, ila zahanati zetu nyingi hazina. Zinabaki dalili nilizozitaja na macho ya anayetazama. Akiridhika kwamba ndilo, dawa ni ya zamani na ya bei nafuu: penisilini. Sindano moja ya benzathini, ile watu waliyozoea kuiita Penadur, au penisilini ya vidonge au amoksilini siku kumi kamili. Siku kumi, hata koo likiacha kuuma siku ya tatu. Saa 24 baada ya kuanza dawa mtoto hawaambukizi tena wenzake, naye anaweza kurudi shule akijisikia vizuri.

Kwa nini nalishikilia hivi koo ambalo mara nyingi lingepoa lenyewe ndani ya wiki? Kwa sababu ya linachoweza kukiacha nyuma. Wiki mbili au tatu baadaye, kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na bakteria yule hugeuka ikashambulia mwili wenyewe. Goti huvimba leo, kesho kutwa kifundo cha mguu. Wengine tunawapaka mafuta tukisema ni mpira. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo hupita, lakini milango ya moyo ikishapata makovu haifungi wala kufunguka sawasawa, na kila shambulio linalofuata huongeza kovu. Ndivyo msichana wa miaka 20 anavyokuja kuishiwa pumzi kwenye ujauzito wake wa kwanza. Kule Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanafanya upasuaji wa kutengeneza na kubadilisha milango hiyo, na nawaheshimu kwa kazi yao. Lakini milango hiyo ingeweza kunusurika kwa penisilini iliyotolewa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane na ugonjwa huu. Azimio haliwezi kumfungua mtoto kinywa, sisi tunaweza.

Kwa hiyo tochi za simu zibaki, na mpini wa kijiko ubaki. Nawaomba tu bibi zangu wayapeleke macho pembeni, kwenye findofindo, badala ya katikati. Na mtoto mdogo anayekohoa, mwacheni koo, mvueni fulana mkae naye akiwa ametulia, mhesabu pumzi zake dakika nzima kwenye saa ya simu. Wa miezi 2 hadi mwaka akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au mbavu zikibonyea, huyo ni wa kupelekwa usiku huohuo. Ukumbini, dirisha lifunguliwe. Mwenye koo linalouma awe na kikombe chake mpaka apone, maana bakteria huyu husafiri kwa mate na chafya, na nyumba ya vyumba sita yenye kikombe kimoja cha mtungini ndiyo njia yake.

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tatu sasa. Karibuni alirudi kutoka shule ameshika shingo, hataki hata uji. Dada alimmulika, akampapasa chini ya taya, wakaenda zahanati jioni ileile.

"Anakohoa?" nesi aliuliza.

"Hakohoi, dada."

"Mafua?"

"Hana."

Nesi akabonyeza ulimi kwa kijiti, akainama, akakaa kimya kidogo. Findofindo zote mbili zilikuwa zimeiva, zimetapakaa usaha. Katikati yake, pale ambapo kimeo kingekuwa kinaning'inia, palikuwa na kovu dogo kama ncha ya kucha.

"Huyu alikatwa," alisema.

Dada akaitikia kwa kichwa. Nesi akampandisha mtoto kwenye mizani, kilo 24, akaandika penisilini yuniti 600,000, akauliza kama aliwahi kudhurika kwa dawa hiyo, kisha akavuta dawa kwenye bomba la sindano.